Dereva Anakunywa Yapi?

Jua la Juba mwezi wa Machi halina adabu, na siku hiyo lilikuwa limeamua kumtukana kila mtu. Babirye alirudi chumbani kwake mtaa wa Juba Na Bari mchana, koo limemkauka, miguu inawaka ndani ya ndala. Tangu alfajiri alikuwa sokoni Konyo Konyo akiuza kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa juu ya maharage ambayo Waganda waliileta Juba na Juba nzima ikaipenda. Wateja walikuwa wamemng'ang'ania kiasi kwamba hata nafasi ya kumeza mate hakuipata. Akaingia bila kuvua kitambaa cha kichwa, akainua jerikeni la kwanza lililokuwa kwenye kona, akamimina kikombe tele, akapiga mafunda mawili ya haraka haraka.

Petroli!

Aliitema ikaruka mpaka ukutani. Akatoka nje mbio, machozi yanamtiririka, ulimi nje, akipiga kelele kiasi cha kuku wote wa uani kutawanyika.

"Banange! Wananiua! Nimewekewa sumu!"

Achieng, jirani yake Mkenya aliyekuwa mpishi wa hoteli moja mjini, alikuwa akifua nguo mbele ya mlango wake. Aliacha povu likichuruzika mikononi akaja kuchukua kikombe. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma kana kwamba amepigwa kofi.

"Woi! Hii ni petroli kabisa. Nani anakuchukia hivi?"

"Ni yule wa kibanda cha bluu! Yule anauza chapati ngumu kama kandambili! Mimi iko na wateja, yeye hapana, sasa ameona aniue!"

Wallahi, angeachwa dakika chache zaidi angefunga kanga kiunoni arudi sokoni kupigana. Lakini pikipiki iliingia uani, na juu yake alikuwa Kizza, mdogo wake, mwendesha bodaboda. Nyuma yake alikuwa amempakia Dancan, mdogo wake Achieng, fundi wa pikipiki. Kizza aliwaona wale wanawake wawili, akaona kikombe, akaangua kicheko.

"Dada, nani alikwambia uguse maji yangu?"

"Maji yako?"

Kizza aliingia ndani, akalitoa lile jerikeni, akajaza kikombe mpaka juu. Akawatazama mmoja mmoja, kama mchezaji anayesubiri uwanja utulie. Halafu akanywa. Alikunywa chote, pole pole, bila kukunja uso, na alipomaliza akakipindua kikombe waone hakuna hata tone.

Achieng alishika kichwa. Dancan akapiga makofi, macho yanamng'aa. Babirye alibaki ameduwaa, mdomo wazi, hajui amkimbilie mdogo wake amtapishe au amchape. Huyo ndiye Kizza aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe tangu mama yao alipofariki kule Masaka, aliyemtafunia ndizi kabla hajaota meno. Sasa anakunywa petroli mbele yake na kufuta midomo kama aliyetoka kunywa soda.

"Ni kidogo tu ndani ya maji mengi," Kizza alisema. "Ni mazoezi. Jumamosi tunaondoka, mimi na wenzangu. Tunapanda kaskazini, tunapita kando ya vita vya Sudan, tunavuka jangwa mpaka Libya. Kutoka pale, ni bahari tu."

"Ni bahari tu!" Babirye alirudia. Sauti haikuwa yake.

"Sikiliza, dada, usikasirike. Lubega ametufundisha kila kitu." Lubega alikuwa dalali wa safari, Mganda mwenzao mwenye ua wa malori kule Gumbo, ng'ambo ya daraja. "Jangwani maji hutiwa petroli makusudi. Maji matamu mtu huyagugumia, yakaisha kabla ya nusu ya njia. Yakinuka, unakunywa kwa kiu, siyo kwa tamaa. Watu wa kale walijua hilo kabla ya sisi kuzaliwa. Walibeba maji ndani ya viriba vya ngozi ya mbuzi, na ndani ya viriba walipaka lami. Unadhani waliambiwa na nani? Walijifunza kwa kufa. Wa kwanza walikufa, wa pili wakaona mifupa, wa tatu wakapaka lami. Sisi tunaanza pale walipoishia. Anayezoea hapa nyumbani, kule hatashtuka."

Alisema vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Babirye kuliko petroli yenyewe. Kizza aliyekuwa hawezi kueleza hata mahali alipolala, leo anahubiri kama mchungaji. Na Dancan alikuwa ameinama mbele akilisikiliza kila neno.

Basi Babirye alijaribu yote ambayo dada mkubwa hujaribu. Alimfokea. Alimlilia. Alimwaga lile jerikeni, Kizza akachanganya lingine. Alimpigia simu pacha wake Kato huko Masaka, akitegemea kuwa mwanamume atamkanya mwanamume mwenzake. Kato akasema mwache kijana ajaribu, huku shambani kuna nini? Babirye alikata simu akaitazama kama nyoka. Alimwita mchungaji wa kanisa lao, mchungaji akaomba kwa nguvu mpaka shati likalowa, na Kizza akasema amina ya heshima kubwa, kisha akaenda kupangusa begi lake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Achieng alisema siku ya Ijumaa, wakiwa wamekaa wanachambua maharage. "Lakini kuna mtu mmoja kazini kwetu alienda huko akarudi. Anapiga pasi mashuka. Anaitwa Amou. Twende, umsikie wewe mwenyewe, halafu ukamwambie kijana kitu cha kweli. Maneno ya kutishana tumeshamaliza."

Kizza alikataa kwenda. Alisema waliorudi ni walioshindwa, na ushauri wa aliyeshindwa hauna kazi. Kwa hiyo Babirye alikwenda bila yeye.

Amou walimkuta nyuma ya hoteli, kwenye chumba cha mvuke, akikunja mashuka meupe. Alikuwa Mdinka wa Bor aliyekulia kambini Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, laini na cha haraka. Hakuwakaribisha viti kwa sababu hakukuwa na viti. Babirye akamweleza habari ya petroli na lami, akitumaini mwanamke huyo atacheka na kusema ni uongo mtupu.

Amou hakucheka.

"Si uongo," alisema. "Tulikunywa. Kwenye lori letu kulikuwa na mzee mmoja wa Darfur, wa kabila la ngamia. Babu zake waliongoza misafara. Alipoonja yale maji hakulalamika. Alituambia hiyo ni desturi, ya zamani sana, akatueleza ilivyoanza, vile vile kama kijana wako anavyosema. Wa kwanza walivuka na maji matamu, wakayanywa kama watu waliokaa kando ya mto. Waliowafuata waliwakuta wamelala na viriba vitupu. Ndiyo ikaja lami."

Kumbe Lubega alisema kweli!

"Lakini mzee alisema hiyo ni nusu tu ya mambo," Amou akaendelea, akigeuza shuka. "Baada ya lami, misafara iliendelea kufa, na watu wa ng'ambo wakaona kitu cha ajabu. Msafara wote umekwisha, kiongozi anafika peke yake, tena amenona. Viongozi walikuwa wanabeba kiriba kimoja kisafi, chao wenyewe. Wengine wakinywa yale machungu kidogo kidogo, wao wanakunywa matamu na kungoja. Mali ya wafu inabaki ya nani? Ndipo watu wa visimani wakaweka sheria. Kiongozi akifika, kabla ya salamu, ananuswa mdomo. Ukinuka lami, karibu, umekunywa na watu wako. Usiponuka, hupewi maji. Unarudishwa ulikotoka."

"Mungu wangu," Achieng alinong'ona.

"Mzee alipomaliza kutueleza hivyo, akagonga kioo cha dereva. Akamwuliza neno moja tu: na wewe unakunywa yapi?"

"Akajibiwa nini?" Babirye aliuliza.

"Dereva alisimamisha lori. Walimshusha mzee kwa adabu kabisa, mmoja akamshika mkono asianguke. Halafu wakapanda, lori likaondoka." Amou aliinua pasi, akaipitisha juu ya shuka. "Alikuwa amesimama tu pale, anatutazama, mpaka vumbi likamfunika. Hakuna aliyeuliza tena. Mama, mwambie kijana wako asikuulize jangwa liko vipi. Jangwa ni mchanga na jua, wazee walilimaliza zamani. Amwulize dereva anakunywa yapi."

Babirye alitoka pale kwa hatua za haraka. Watu wengine huogopa kwa kutetemeka. Yeye huogopa kwa hasira, na njia nzima alikuwa akimtukana Lubega kwa Kiganda, ukoo kwa ukoo. Lakini ndani yake kulikuwa na furaha ndogo. Sasa alikuwa na swali. Kizza ana kichwa kigumu, siyo kichwa kibovu. Akiulizwa hivyo, ataona.

Kizza hakurudi nyumbani siku hiyo. Na asubuhi ya Jumamosi Babirye alipofungua mlango, begi halikuwepo, pikipiki haikuwepo, na Achieng alikuwa ameketi chini uani, miguu ameinyoosha kama mfiwa.

"Dancan pia," Achieng alisema. "Ameacha spana zake zote kitandani. Dancan wangu, Babirye! Alimwona Kizza akinywa, akaona ni jambo dogo!"

Hakukuwa na muda wa kulia. Walipanda boda moja wote wawili, wakashikana, wakavuka daraja, wakaingia Gumbo huku Babirye akimpiga mwendesha boda mabegani aongeze mwendo. Ua wa Lubega ulikuwa kando ya barabara inayokwenda Bor. Lori lilikuwa tayari limewashwa, turubai limefungwa nusu, na ndani yake vijana wamekaa magotini mwa wenzao, majerikeni ya manjano yamefungwa ubavuni. Dancan alikuwa katikati yao. Alipomwona dada yake akainamisha uso.

Kizza hakuwa ndani ya lori. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa dereva, shati jipya, kofia mpya. Babirye alimshika mkono akamvuta pembeni, nyuma ya matairi mabovu.

"Nina neno moja tu, Kizza, halafu uniache nife zangu. Dereva anakunywa yapi?"

Alitegemea kijana atashangaa. Kizza hakushangaa. Alitazama nyuma, akaona hakuna anayesikia, akamshika dada yake mabega kwa upole sana, upole ambao hakuwa ameuonyesha kwa majuma mengi.

"Dada, usilie. Sikutaka kukwambia mbele za watu. Mimi sitakunywa petroli. Mimi ni msaidizi wa dereva, nakaa mbele. Kuna maji ya chupa, makatoni, angalia mwenyewe. Ile ya uani ilikuwa ya kuwaonyesha vijana tu, waone inawezekana. Lubega alisema nikileta watu wa kutosha, mimi napanda mbele. Sitakufa, dada. Nakuapia kwa kaburi la mama, mimi nitafika."

Babirye alitazama. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Katoni za maji ya chupa zilikuwa zimepangwa nyuma ya kiti, safi, zinang'aa, na juu yake begi la Kizza.

Jamani! Kwa siku zote hizo alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mdogo wake asife. Sasa mdogo wake anamwambia hatakufa, na damu ikamganda. Alimtazama yule kijana aliyemtafunia ndizi, akaona shati jipya, akaona wale vijana wamebanana kwenye lori, na akaelewa ni nani aliyewabananisha. Hata ile petroli haikumchefua kiasi hicho.

"Wewe ndiye umewaleta," alisema.

"Wamekuja wenyewe."

"Na Dancan? Dancan anayekutengenezea pikipiki?"

Kizza aliweka kidole mdomoni, akimsihi anyamaze. Na kusema kweli, Babirye alifikiria kunyamaza. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini alifikiria. Mdogo wake angekaa mbele, angekunywa maji safi, angefika, angepiga simu. Watoto wa watu wengine wana dada zao. Kisha akamsikia Achieng upande wa pili wa lori akimwita Dancan kwa jina lake la utotoni, sauti imepasuka.

Babirye akapanda kwenye ngazi ya mlango wa dereva, akachomoa chupa mbili za maji, akaziinua juu.

"Vijana! Tazameni! Hii ndiyo maji ya dereva! Nyinyi mtakunywa petroli, yeye atakunywa hii! Na huyu mdogo wangu Kizza, aliyewaonyesha kunywa, yeye pia atakunywa hii! Kama nasema uongo, shukeni mumnuse dereva mdomo!"

Lubega alitoka kibandani kwake mbio, kitambi kinatangulia. "Nyabo, unaharibu safari ya watu! Ni mambo ya kawaida, dereva lazima awe na nguvu!"

Dancan ndiye aliyeruka wa kwanza. Alikwenda mpaka dirishani, akatia uso karibu na uso wa dereva, akasema, "Pumua." Dereva alimtazama, akapandisha kioo. Basi, hilo lilitosha. Mmoja akaruka, mwingine akaruka, begi likaanguka, mtu akamtukana Lubega mama yake. Achieng alimkumbatia Dancan wakaanguka wote wawili chini kwenye vumbi.

Lakini si wote walioshuka. Wengine walibaki wamekaa, wakitazama chini. Mmoja wao, kijana mrefu aliyeitwa Akot, alisema bila kupandisha sauti, "Mama, malesh, samahani. Nimesikia. Lakini mimi sina pa kushukia. Nyumba iliungua, watu wamekwisha. Nitakunywa hiyo hiyo." Kisha akamgeukia Kizza. "Wewe ulisema tutakuwa pamoja. Sema basi. Utakunywa yapi?"

Kila mtu alimtazama Kizza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Babirye alimwona akimeza mate, akafungua mlango wa mbele, akalitoa begi lake juu ya zile katoni, na moyo wake ukaruka. Amelitoa begi! Ameona haya, anarudi nyumbani! Asante Yesu! Alifungua mikono kabisa, pale mbele ya watu, tayari kumsamehe yote.

Kizza alimpita. Alikwenda nyuma ya lori, akatupa begi ndani, akapanda. Akaketi kando ya Akot.

"Kizza! Shuka!"

"Dada, mimi ndiye niliyewaleta hawa."

"Shuka, nasema! Waache, wamesikia, wamechagua wenyewe!"

"Wamesikia kwako. Kwangu walisikia uongo." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimvunja kabisa. "Mimi nisipokunywa nao, nani atakunywa nao?"

Lubega alipunga mkono. Yala, yala! Alikuwa na haraka sasa, kabla polisi hawajaja kutazama kelele ni za nini. Lori lilitikisika. Babirye alishika ubao wa nyuma kwa mikono yote miwili akakimbia nalo, ndala zikamvuka, akikimbia pekupeku kwenye kokoto, akimwita mdogo wake kwa majina yote aliyowahi kumpa. Kizza aliinama. Alimbandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Lori likashika barabara ya Bor.

Alisimama katikati ya barabara, mikono bado imeinuliwa. Pikipiki zilimpigia honi, hakusikia. Kiti cha mbele kilikuwa cha Kizza. Kulikuwa na maji safi. Angefika. Yeye, dada yake, kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye aliyemtoa pale akampeleka nyuma.

Achieng alimfikia akihema, amemshika Dancan mkono kama anayeogopa upepo utamchukua. Akapiga magoti palepale kwenye lami ya moto, akaukumbatia mguu wa Babirye.

"Umeniokolea mdogo wangu," alisema huku analia. "Mungu akulipe, Babirye. Umeniokolea mdogo wangu."

Babirye alimtazama yule mwanamke aliyekuwa chini, akamtazama tena, na kwa muda mrefu hakumkumbuka ni nani.